Hofu ya Mlipuko Isitutoe Kliniki: Tuliyojifunza Kutoka Homa ya Marburg Biharamulo



Alhamisi ya juma la kwanza la Kwaresima, tarehe 13 Machi 2025, ilitangazwa rasmi kwamba mlipuko wa homa ya Marburg wilayani Biharamulo umekwisha. Watu 10 walifariki. Wawili kati yao walithibitishwa kwa vipimo vya maabara. Wanane wengine walihesabiwa kwa kutazama dalili zao na ukaribu wao na wagonjwa wengine, maana walikuwa wamekwisha kufariki kabla ugonjwa haujatambuliwa. Katika hao wote hakuna hata mmoja aliyeugua akapona. Tunaziweka roho zao katika huruma ya Mungu, na tunazikumbuka familia zilizobaki na majonzi ambayo hata kilio chake hakikupata nafasi ya kuliwa kama desturi inavyotaka.

Hatukusudii hapa kusimulia mlipuko huo mwanzo hadi mwisho. Tunataka kusema juu ya watu ambao hawamo katika hesabu ile ya 10: mama mjamzito aliyeacha kliniki kwa kuogopa kukaa benchi moja na mtu mwenye homa, mzee wa shinikizo la damu ambaye dawa zake zilikwisha katikati ya Januari naye akasema atakwenda “mambo yakitulia”, kijana anayeishi na VVU aliyepitisha tarehe yake ya kuchukua dawa, mtoto wa miezi tisa ambaye chanjo yake ya surua ilisubiri. Sisi tunaozunguka vigangoni tumekutana nao. Hawakuugua Marburg, lakini Marburg iliwagusa.

Turudi nyuma kidogo ili mambo yaeleweke. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana alianza kuonyesha dalili tarehe 9 Desemba 2024, yaani tulipokuwa katika Majilio. Sherehe za Noeli na Mwaka Mpya zikapita, watu wakasafiri, wakatembeleana, wakazikana. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuna wagonjwa wanaoshukiwa katika mkoa wetu wa Kagera. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizokuwa zimepimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Januari, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, alithibitisha kwamba mgonjwa mmoja amekutwa na virusi. Baadaye walitafutwa watu 281 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa, wakafuatiliwa kwa siku 21. Kifo cha mwisho kilitokea tarehe 28 Januari. Zikahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, ndipo tangazo la Machi likatolewa.

Katika zile siku sita, kati ya 14 na 20 Januari, uvumi ulijaa kila kijiji. Mwenye redio alisikia hili, mwenye simu alitumiwa lile, na dereva wa bodaboda kutoka Nyakanazi alikuja na jambo la tatu. Hatuandiki haya kwa kumlaumu yeyote. Sampuli moja ikikosa kirusi haina maana kwamba kirusi hakipo mahali pengine, na anayesubiri jibu la maabara kabla ya kutangaza ana sababu zake. Lakini mwanya wa siku sita ulitosha kuwafanya watu wengi waamue wenyewe, na uamuzi uliokuwa rahisi kuliko yote ulikuwa kutokanyaga zahanati.

Ni vema kuelewa kwa nini hofu ile ilikuwa na mantiki yake. Homa ya Marburg, iliyopewa jina la mji wa Ujerumani ambako ilitambuliwa mwaka 1967, huanza kwa homa kali ya ghafla, kuumwa kichwa, maumivu ya misuli na uchovu mkubwa. Ni nani hapa Ngara au Biharamulo asiyezijua dalili hizo? Ni dalili za malaria, na malaria kwetu si mgeni. Siku za kwanza hakuna daktari duniani anayeweza kuzitofautisha kwa macho. Kutapika, kuharisha na baadaye kutokwa damu huja siku zinazofuata, na si kwa kila mgonjwa. Kwa hiyo mtu mwenye homa alijikuta kati ya hofu mbili. Akienda hospitali, huenda atawekwa kando na kushukiwa; asipoenda, huenda malaria yenyewe itamuua. Wengi walichagua kukaa nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu kutoka dukani. Hapo ndipo tunapaswa kusema kwa uwazi kwamba mtoto chini ya miaka mitano mwenye malaria kali anaweza kufariki ndani ya siku moja au mbili, na kipimo chake huchukua dakika chache tu katika zahanati ya kawaida kabisa.

Jambo la pili linalopaswa kueleweka ni namna ugonjwa unavyoambukizwa. Virusi vya Marburg hukaa katika popo wanaokula matunda, hasa wale waishio mapangoni na katika migodi. Vikishaingia kwa mwanadamu, hupita kwa mwingine kwa njia ya kugusa damu, matapishi, kinyesi, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti, au vitu vilivyochafuliwa nayo kama shuka na nguo. Haviruki hewani kama UVIKO-19, na mtu ambaye hajaanza kuonyesha dalili haambukizi. Maana yake ni kwamba mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, akiwa na kadi yake mkononi, karibu na mama mwingine mwenye afya, hakuwa hatarini. Aliyekuwa hatarini zaidi ni yule aliyemwosha mgonjwa nyumbani kwa mikono mitupu, na yule aliyeuandaa mwili kwa maziko. Yaani nyumba, ambayo wengi waliikimbilia kama ngome, ndipo maambukizi yalipopata nafasi; na zahanati waliyoikimbia ilikuwa na glavu, maji tiririka na watu waliofundishwa.

Tuseme pia haki ya wahudumu wa afya, kwa sababu hawa hufa wa kwanza. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, kwa majirani zetu wa Rwanda, mlipuko wa Marburg uliotangazwa tarehe 27 Septemba 2024 uliwapata watu 66, na wengi wao walikuwa wahudumu wa afya. Walifariki 15. Msomaji alinganishe: kule 15 kati ya 66, kwetu 10 kati ya 10. Je, kirusi cha Biharamulo kilikuwa kikali zaidi? Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba kule wagonjwa wengi walijulikana mapema na wakapata uangalizi wa karibu: maji mwilini, kushusha homa, kusaidiwa kupumua, na dawa zilizokuwa bado katika majaribio. Hakuna hadi sasa dawa wala chanjo iliyoidhinishwa rasmi kwa Marburg, lakini mgonjwa aliyewahi kufika huwa na nafasi ambayo aliyechelewa hana. Kwetu wengi walifariki ugonjwa ukiwa haujapewa jina. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humwumbua. Safari hii hakuna aliyeficha, maradhi yalijificha yenyewe katika sura ya malaria.

Mkoa wetu una kumbukumbu ndefu ya mambo haya, na vijana hawazijui zote. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, mkoani humu humu Kagera. Wazee wanakumbuka ugonjwa huo ulipokuwa ukiitwa Juliana, kwa jina la nguo za magendo, na jinsi familia zilivyoogopa hata kutaja neno. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa siku moja, na kambi ya Benaco wilayani Ngara ikageuka kuwa mji mkubwa uliojengwa kwa matawi na maturubai. Kuhara damu na hofu ya kipindupindu vilikaa nasi. Wenyeji wa Ngara waligawana visima, kuni na foleni za zahanati na wageni hao hadi waliporejea Desemba 1996. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi, ilizaliwa katika mazingira hayo, na jina lake lina maana ya tumaini. Mwaka 2023 Marburg iliingia nchini kwa mara ya kwanza, Bukoba Vijijini, ikawapata watu tisa na kuwaua sita. Kwa hiyo tukiulizwa kama mlipuko mwingine utakuja, tunaoishi mpakani, kwenye njia ya malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura, tusijidanganye.

Mlipuko tunaoukumbuka wote ni ule wa UVIKO-19. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020; shule zikafungwa, nyumba za ibada hazikufungwa na serikali. Jimboni kwetu, Baba Askofu Severine Niwemugizi alisimamisha Misa za hadhara kwa muda katika mwaka huo, uamuzi ambao wengi hawakuuelewa na wengine waliukasirikia. Tunakumbuka waamini waliotuuliza kama Padre ameacha kumwamini Mungu. Tuliwajibu vibaya wakati mwingine, kwa haraka, kama watu wanaojitetea. Jibu zuri lilikuwepo katika historia ya Kanisa. Mtakatifu Karoli Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano, tauni ilipoingia mjini kwake mwaka 1576 hakukimbia. Aliwazungukia wagonjwa, aliuza mali zake kuwalisha wenye njaa, na wakati huohuo watu walipotakiwa kukaa majumbani alipanga altare zisimamishwe kwenye njia panda ili wafuate Misa wakiwa madirishani. Imani yake haikumzuia kutenganisha watu, na kutenganisha watu hakukumzuia kuwafikia. Januari 2021, Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliandika barua ya kuonya juu ya wimbi jipya. Mwanzoni mwa Machi mwaka huo Katibu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika miezi miwili tu mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki. Chanjo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021.

Somo ambalo hatukulijifunza vya kutosha wakati ule ni hili tunaloandikia leo. Tulihesabu waliokufa kwa ugonjwa mpya, hatukuwahesabu waliokufa kwa magonjwa ya zamani kwa sababu ya ugonjwa mpya. Wenzetu wa Afrika Magharibi waliwahesabu. Ebola ya mwaka 2014 hadi 2016 iliua watu zaidi ya 11,300 nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watafiti waliochunguza kudorora kwa huduma katika kipindi hicho walikadiria kwamba vifo vya nyongeza kutokana na malaria, UKIMWI na kifua kikuu huenda vilikaribia idadi hiyohiyo. Karibu nasi zaidi, mashariki ya Kongo, dunia nzima ilitazama Ebola iliyoanza mwaka 2018 na kuua watu wapatao 2,300. Huku nchini humo humo surua, ugonjwa wenye chanjo ya miaka mingi, iliua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Kamera hazikuwepo.

Kwa hiyo tuingie katika mambo ya kila siku, moja moja, tukianza na lile linalotutia wasiwasi kuliko yote.

Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU akiacha kwa wiki kadhaa, virusi huongezeka tena katika damu. Akianza na kuacha, kuanza na kuacha, virusi huizoea dawa, na siku moja dawa ile ile iliyomfanya alime na kusomesha watoto haitamfaa. Tunajua kwamba tarehe ile ile ya 20 Januari 2025, Marburg ilipothibitishwa, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kwamba huduma nyingi za CTC nchini zimetegemea fedha za nchi hiyo tangu miaka ya 2000. Habari mbili za namna hii kwa siku moja zilikuwa mzigo mzito. Tulimsikia mtu akisema hana haja ya kwenda, dawa “zimekatwa na Marekani” na hospitali “ina Marburg”. Hakuwa amekwenda kuuliza. Tunamsihi kila aliye katika hali hiyo aende mwenyewe CTC na kadi yake aulize, asipokee jibu la dukani. Na anayeendelea vizuri na matibabu amwombe mhudumu dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja. Utaratibu huo upo, na kazi yake ni hiyo hasa, kumpunguzia mtu safari na foleni.

Mgonjwa wa kifua kikuu hutibiwa kwa miezi sita. Mwezi wa pili hukohoa kidogo, hupata hamu ya kula, hujiona mzima. Hofu ya mlipuko ikija hapo humpa kisingizio kizuri cha kuacha. Kifua kikuu sugu kinachoweza kufuata hutibiwa kwa dawa nyingine, zenye maudhi zaidi, nacho huambukiza nyumba nzima kwa hewa, jambo ambalo Marburg haifanyi.

Shinikizo la damu na kisukari ni magonjwa yasiyopiga kelele. Katika vijiji vyetu bado tunayaita magonjwa ya wakubwa wa mjini, nasi mapadre tumezika wakulima wengi waliopooza upande mmoja ghafla shambani. Dawa ya presha si kama dawa ya malaria inayomalizwa. Ni ya kila siku, na kuumwa kichwa si kipimo cha kujua kama imepanda. Mwenye mzee nyumbani ahesabu vidonge vilivyobaki. Vikibaki vya wiki mbili, kijana apande baiskeli.

Kuhusu akina mama, tutakuwa wafupi kwa kuwa WAWATA wanalifundisha jambo hili vizuri kuliko sisi. Mjamzito anatakiwa kuonana na wahudumu mara nane kabla ya kujifungua. Kutokwa damu, kuvimba uso na mikono, kichwa kuuma sana na kuona ukungu, au mtoto kupunguza kucheza tumboni, havisubiri tangazo lolote la serikali. Na kadi ya mtoto ina tarehe zake: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa surua na rubela. Mtoto aliyepitwa na tarehe kwa sababu ya mlipuko bado anapokelewa. Mama asiogope kukemewa. (Kwa ndugu zetu wauguzi, ambao wengi ni waamini wetu: mama aliyechelewa akikemewa mara moja mbele za watu, hatarudi, na atawaambia majirani watano. Tunalisema kwa upendo, tukijua mnavyochoka.)

Kuna pia suala la fedha, ambalo mahubiri mengi hulikwepa. Familia hukosa kliniki kwa hofu, lakini mara nyingi zaidi hukosa kwa nauli na gharama. Mlipuko unapoingia, soko hudorora, mpaka huwa mgumu, ndizi na maharage havina mnunuzi, na hela ya hospitali ndiyo hutolewa kwanza. Kaya zilizojiunga na CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu sita ilikuwa ikichangia Sh 30,000 kwa mwaka, zilikuwa na afueni kidogo. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu huchangishana kwa msiba bila kuambiwa mara mbili. Fedha hupatikana jioni moja. Tumejiuliza mara nyingi kwa nini fedha hiyohiyo haipatikani mtu akiwa bado hai na anahitaji mchango mdogo tu.

Sasa tuseme habari ya imani, maana msomaji wa ukurasa huu anaweza kuuliza Padre amegeuka lini kuwa bwana afya. Kanisa linafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi za Mungu tulizokabidhiwa, na kwamba tunadaiwa kuzitunza kwa kiasi kinachofaa, tukizingatia pia mahitaji ya wengine. Katekisimu inalizungumzia jambo hili chini ya Amri ya Tano. Anayepuuza dawa zake bila sababu hajaonyesha imani kubwa kuliko anayezimeza. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anaeleza kwamba tabibu ameumbwa na Bwana, kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa mapenzi yake, na kwamba mgonjwa asali kwanza, aache dhambi, kisha ampe tabibu nafasi yake. Mpangilio huo ni mzuri: sala haimfukuzi tabibu, na tabibu haifukuzi sala. Anayewaambia watu watupe dawa zao kwa kuwa wameombewa, awe wa dhehebu lolote au wa kikundi chochote cha sala ndani ya Kanisa letu wenyewe, hafundishi imani Katoliki.

Msamaria mwema naye alisafisha majeraha kwa mafuta na divai, akamchukua mgonjwa hadi nyumba ya wageni, akalipa. Mababu zetu wa imani walielewa hivyo walipojenga kanisa na zahanati katika kiwanja kimoja. Hospitali ya Biharamulo, ambayo kwa miaka mingi imehudumu kama hospitali teule ya wilaya, ni mali ya Jimbo letu, kama ilivyo hospitali ya Rulenge. Na hapo Murgwanza ndugu zetu Waanglikana wamewahudumia Wakatoliki wa Ngara kwa vizazi bila kumuuliza mtu kadi ya ubatizo.

Wakati wa mlipuko tuliulizwa sana juu ya sakramenti, nasi tunajibu hapa kwa utulivu zaidi kuliko tulivyojibu mlangoni. Je, mgonjwa wa Marburg aliyetengwa anaweza kupata Mpako Mtakatifu? Anaweza, pale ambapo wataalamu wanaruhusu na Padre amevaa mavazi ya kujikinga. Sheria ya Kanisa inaruhusu, kwa sababu nzito, Padre atumie kifaa badala ya mkono wake kupaka mafuta. Pamba iliyochomwa baadaye inatosha. Na kama haiwezekani Padre kuingia? Mgonjwa hajafungiwa nje ya huruma ya Mungu. Majuto kamili, yanayotoka katika kumpenda Mungu kuliko vyote, pamoja na nia ya kuungama itakapowezekana, huleta maondoleo hata ya dhambi za mauti. Jambo hili lifundishwe watu wakiwa wazima; si rahisi kulifundisha kwa kupiga kelele kupitia dirisha. Machi 2020 Kiti Kitakatifu kiliwapa pia wagonjwa wa UVIKO-19, wauguzi wao na wanaowaombea rehema kamili kwa masharti mepesi, ili asiwepo wa kufa akidhani ameachwa.

Na maziko? Hapa tunajua tunagusa kidonda. Kuuosha mwili, kuuaga, kuugusa uso wa mama kwa mara ya mwisho, ni mambo yenye utu na Kanisa linayaheshimu. Lakini Misa ya mazishi hupata thamani yake kwa sadaka ya Kristo, nayo inaweza kuadhimishwa bila mwili kuwepo, hata baada ya maziko. Kaburi hubarikiwa Padre akiwa amesimama mbali. Marehemu aliyezikwa na watu waliovaa nguo nyeupe za kujikinga, bila mkono wa ndugu yeyote, hajapungukiwa na kitu mbele za Mungu. Waliopungukiwa ni waliobaki, na hao ndio wanaohitaji Jumuiya.

Tunamalizia nao. Tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani iliyowekwa na Mtakatifu Yohane Paulo II, safari hii ilitukuta tukiwa bado tunahesabu zile siku 42. Watu waliofuatiliwa kwa siku 21 walikuwa wamemaliza, hawakuwa na ugonjwa, walikuwa huru. Hata hivyo wapo waliokwenda sokoni fedha yao ikapokelewa kwa kijiti, na watoto walioulizwa shuleni kama nyumbani kwao bado “wanakufa”. Katika kitabu cha Walawi, kuhani aliyekuwa na kazi ya kumtenga mwenye ukoma alikuwa pia na kazi ya pili, ambayo sura ya 14 inaieleza kwa kirefu: kutoka nje ya kambi, kumtazama aliyepona, na kumrudisha rasmi kati ya watu. Kwa sababu hiyo Yesu aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani. Wizara ya Afya imekwisha kufanya sehemu yake kwa tangazo la tarehe 13 Machi. Sehemu iliyobaki ni yetu. Jumuiya zinazopanga ratiba ya Njia ya Msalaba na sala za nyumba kwa nyumba, hasa katika parokia za Biharamulo, tunaziomba ziianzie nyumba ile ambayo watu bado huipita upande wa pili wa njia. Waingie ndani, wapokee kiti, na wakikaribishwa chai, wainywe.